Jifya Moja Haliinjiki Chungu



Mwanamuziki mwenye jina akifa, mambo hufuatana kwa utaratibu tunaoujua sote. Redio hupiga nyimbo zake kutwa, wakubwa hutuma rambirambi, na kabla matanga hayajaanuliwa hujitokeza watu chungu nzima wanaosema walikuwa rafiki zake. Huyu alikula naye sahani moja, yule alimwazima gita, mwingine ndiye aliyekuwa akipelekewa kila wimbo mpya kabla haujaimbwa hadharani. Sisi tunaosikiliza huguna, maana tunajua kwamba maiti mwenye jina hakosi jamaa. Mguno huo una haki yake. Hata hivyo, jioni ya leo nataka kuwatetea marafiki wa wanamuziki waliokufa, wale wa kweli. Nasema kwamba mwanamuziki tukimkumbuka peke yake, tukawaacha nje watu aliofanya nao kazi na waliokuwa waandani wake, tunakuwa tumemkumbuka mtu mwingine ambaye hakupata kuishi. Ushahidi wangu nauchukua Unguja, kwa mwimbaji ambaye wengi wetu tumelisikia jina lake hata kama hatujapata kuisikia sauti yake: Siti binti Saad.

Nimemchagua Siti kwa kuwa yeye ndiye mfano ambao ungeweza kunishinda. Hakuna msanii wa taarab ambaye jina lake limesimama peke yake kuliko yeye. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, wazazi wake wakiwa na asili ya bara, Unyamwezini na Uziguani, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mapambo, kwani utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wakati yeye ni msichana mkubwa. Hakupata shule. Kazi yake ilikuwa ufinyanzi, naye alivitembeza vyungu vyake kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuisikia kabla hawajaviona vyungu vyenyewe. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini. Miaka 17 baadaye sauti ile ile ilikuwa ikirekodiwa Bombay, kwenye santuri za kampuni ya HMV, na kuuzwa kwa makumi ya maelfu katika pwani yote ya Waswahili. Alifariki Julai 1950, mwaka mmoja kabla Dar es Salaam haijaanza kurusha matangazo yake ya kwanza ya redio. Kisa kama hiki kinashawishi. Kinataka kusimuliwa kama safari ya mtu mmoja aliyetoka vumbini akapanda hadi kileleni kwa mbawa zake mwenyewe.

Lakini tukitazame kisa hicho pole pole, tukianza na jina lenyewe. Siti maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima, na mtu hajiiti hivyo akaitikiwa. Aliitwa hivyo na watu waliomsikia, na wao kwa kumwita walikuwa wanamvua lile jina la Mtumwa na kumvika jingine. Kwa hiyo hata neno la kwanza tunalolitamka tunapomtaja ni zawadi iliyotoka vinywani mwa wengine. Baada ya jina ikaja elimu ya muziki. Taarab ya wakati ule ilikuwa mali ya wenye nafasi. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri ikaingia kasri, ikaimbwa kwa Kiarabu, na mwaka 1905 wanaume wa mjini wakaanzisha klabu yao ya Nadi Ikhwan Safaa. Mwanamke wa shamba aliyekuja mjini na vyungu hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Mlango ulifunguliwa na mtu: Ali Muhsin, mwanamuziki aliyeisikia sauti yake akajitolea kumfundisha. Kisha wakapatikana wenzake wa kudumu, Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda, na Mbaruku, mpiga udi kipofu kutoka Mombasa. Hawa ndio wanaonihusu leo.

Wahenga wamesema jifya moja haliinjiki chungu. Siti aliyafahamu mafiga na vyungu kwa mikono yake mwenyewe kabla hajayafahamu maneno hayo kama methali, na kazi yake ya muziki aliijenga vivyo hivyo. Kundi lake halikuwa watu wa kukodishwa wakimaliza harusi kila mmoja akashika njia yake. Walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kule walikoishi wachukuzi, wachuuzi, mafundi na uzao wa waliokuwa watumwa. Walikaa jioni wakafanya mazoezi, majirani wakakusanyika kusikiliza, na habari za mjini zikaletwa barazani zikajadiliwa. Humo ndimo nyimbo zilimopatikana. Nani kaonewa mahakamani, karani gani kaiba fedha za watu akakamatwa, tajiri gani kapita bila kuguswa: yote hayo yalipita katika mazungumzo ya watu watano na majirani zao kabla hayajawa beti. Hapa ndipo taarab ilipobadilika. Ilihama kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili, na kutoka sifa za mapenzi ya kasri kwenda mambo ya mtaani. Mageuzi ya namna hiyo hayafanywi na koo moja hata liwe tamu namna gani, maana yanahitaji watu wa kuleta habari, watu wa kuzipima, watu wa kuzipa vina na mtu wa kuziimba.

Chukueni wimbo wa Kijiti, ambao mpaka leo unaimbwa. Unahusu mauaji yaliyotokea kweli. Mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam aliuawa, mwanamume aliyetuhumiwa akavuka bahari akakimbilia bara, na wanawake waliofika mahakamani kueleza walichokijua wakaishia kuadhibiwa wao. Wimbo unaosema jambo kama hilo una thamani ya hati ya kesi. Mtungaji wake lazima awe ameketi na watu wanaowajua wahusika, akasikia jinsi hukumu ilivyopokewa mitaani, akajua ni neno gani litauma na lipi litamponza aimbaye. Mwanamke aliyeimba habari hiyo mbele ya watu, katika nchi iliyotawaliwa na sultani chini ya Waingereza, alihitaji zaidi ya ujasiri wake mwenyewe. Alihitaji wenzake wanne nyuma yake ambao hawangemkana siku ya pili. Neno rafiki tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mwenzi wa safari. Hao walikuwa marafiki kwa maana hiyo kamili, tena safari ilikuwa ya kweli, kwa meli, hadi Bombay mwaka 1928, kisha wakarudi tena kurekodi zaidi. Ni kundi lililosafiri, na katika rekodi zile zipo nyimbo ambazo sauti ya mbele ni ya Mbaruku, au ya Maalim Shaaban, au ya wenziwe. Ushahidi basi umo katika santuri zenyewe. Uvivu ni wetu sisi tunaosoma mstari wa kwanza tu.

Sasa nijibu mapingamizi, maana yapo, na si mepesi. La kwanza ni la watu wa muziki. Watasema kwamba wapigaji wazuri Unguja walikuwepo wengi, kabla ya Siti na baada yake, ila sauti ile ilikuwa moja tu. Kama Subeti hangekuwepo angepatikana mwingine wa kushika nafasi yake, lakini Siti hangekuwa na badali. Nakubali kwamba sauti haikuwa na badali. Ila tuulize sauti hiyo ilikuwa wapi kati ya Fumba na mwaka 1911. Ilikuwepo, tamu vile vile, ikinadi vyungu njiani. Kilichoongezeka baadaye ni maqamu, ala, beti, na baraza la kuimbia, na vyote hivyo viliingia maishani mwake vikiwa mikononi mwa watu. Anayesema mpigaji yeyote angefaa anasahau pia kwamba katika taarab mpigaji haandamani na mwimbaji kama kivuli. Fidla na udi hujibizana na mwimbaji, humtangulia, humngoja, humwokoa pumzi inapokatika. Miaka ya kukaa pamoja ndiyo huzaa usikivu wa namna hiyo, na miaka hiyo hainunuliwi kwa mpigaji wa kuazimwa usiku mmoja.

Pingamizi la pili ni la watu wa historia, nalo naliheshimu zaidi. Wao husema kwamba rafiki ni shahidi mbovu. Anapenda, kwa hiyo anapamba, na mabaya anayaficha. Watautaja mfano ulio karibu kabisa, Shaaban Robert. Mshairi huyo wa Tanga alikutana na Siti mwishoni mwa maisha ya bibi huyo, akamsikiliza, akamwandikia Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Ni miongoni mwa wasifu za mwanzo kabisa katika fasihi yetu ya kisasa, na vizazi vya wanafunzi vimemjua Siti kupitia kitabu hicho. Ni kweli kwamba Shaaban Robert anamsifu. Anamfanya kielelezo cha subira, bidii na tabia njema, kama alivyozoea kufanya katika maandishi yake mengine, ambako wema na ubaya hupambana waziwazi. Mtafiti anayetaka kujua malipo, magomvi na mikataba ya Siti atafunga kitabu hicho akiwa na njaa.

Jibu langu ni kwamba upendo wa shahidi si siri, na kinachojulikana hupimika. Msomaji wa Shaaban Robert anajua kuwa anamsoma mtu anayemuenzi bibi huyu, basi anachukua sifa kwa kipimo. Je, shahidi mwingine tunayemwamini, yaani santuri, yeye hapendelei? Upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo wa taarab ya usiku haukai katika dakika tatu, kwa hiyo ulikatwa. Kampuni ilichagua cha kurekodi kwa kutazama kitakachouzwa. Santuri inatupa sauti ya Siti kama tajiri wa ng'ambo alivyoona inafaa sokoni, wala haituambii hivyo. Waislamu wana elimu ya zamani sana juu ya jambo hili. Katika hadithi za Mtume hawakuwakataa wapokezi kwa sababu walimpenda aliyesema. Wangebaki na nani? Walichofanya ni kutaja mnyororo: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, kisha kila pete ya mnyororo ikachunguzwa. Kumbukumbu ya mwanamuziki inahitaji adabu hiyo hiyo. Tusiwakatae marafiki kwa sababu walipenda. Tuwaulize walikuwepo lini, walisikia nini kwa masikio yao, na lipi wamelipokea kwa mwingine. Rafiki wa uongo atajikwaa katika swali la kwanza, na yule mguno wetu wa matangani utakuwa umepata kazi ya maana.

Pingamizi la tatu linasema: hao hawakuwa marafiki, walikuwa wafanyakazi. Walilipwa. Waliimba kasri kwa Sultani na katika harusi za matajiri, wakarekodi kwa ajili ya kampuni, na penye fedha urafiki ni jina la heshima la biashara. Anayesema hivi anadhani kwamba watu maskini wana anasa ya kutenganisha riziki na mapenzi. Mafundi wa jahazi hulipwa pamoja, wavuvi hugawana samaki, wala hatusemi kwa sababu hiyo kwamba si waandani. Zaidi ya hayo, malipo yanaeleza kwa nini walikwenda kasri, lakini hayaelezi kwa nini jioni walirudi Ng'ambo, wakakaa nyumbani kwa Siti, wakatunga nyimbo juu ya udhalimu wa mahakama na ujanja wa wenye fedha, nyimbo ambazo hakuna bwana wa kasri angeziagiza. Mtu akitaka kujua kundi la muziki lina urafiki au lina mkataba tu, atazame linafanya nini usiku ambao hakuna aliyelikodi.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, nalo laweza kutolewa na wanawake kwa haki kabisa. Watasema: huyu ni mwanamke mmoja aliyefika juu katika ulimwengu wa wanaume, akadhihakiwa kwa sura yake, kwa ushamba wake na kwa kaniki aliyokuja nayo kutoka Fumba, naye akajibu kwa wimbo, na sasa, miaka mingi baada ya kufa kwake, unakuja na orodha ya wanaume wanne na mwalimu mmoja, unawagawia ushindi wake. Hatujachoka kuambiwa kwamba nyuma ya kazi ya mwanamke kuna wanaume? Pingamizi hili linagusa jeraha la kweli. Si bure kwamba Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake kilichagua Sauti ya Siti. Jina hilo ni dai la urithi.

Lakini naomba tulitazame jambo kutoka upande wa pili. Kisa cha nyota ya pekee kinamwachia Siti nini? Kinamwachia koo. Kinasema alijaliwa kipaji, nacho kipaji hutoka kwa Mungu, hakina jasho wala akili ya mwenye nacho. Wanaume huelezwa kuwa waasisi na viongozi. Wanawake huelezwa kuwa na sauti nzuri. Tukiwarudisha wenzake katika picha, anaonekana mtu mkubwa zaidi. Anaonekana mwanamke aliyeitwa Mtumwa, asiyejua kusoma, katika mji wa miaka ya 1920, akiwa mwenye nyumba ambayo wanaume wenye ujuzi wanakuja kufanya kazi, mmoja wao akiitwa Maalim, na wote wakikubali kwamba jina litakalotangulia ni lake. Huyo ana sauti, na juu ya sauti ana uamuzi: anajua nani wa kumweka karibu, anajua kipofu wa Mombasa ana nini ambacho wenye macho hawana, anajua wimbo gani uimbwe kasri na upi uimbwe Ng'ambo. Uongozi hauonekani kwa mtu aliyesimama peke yake; huonekana kwa wanaomfuata. Anayewafuta wanaume wale akidhani anamtetea Siti anamfutia ushahidi wa ukubwa wake.

Na mnyororo haukuishia kwa wanaume, wala haukuishia mwaka 1950. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude, alieleza mara nyingi kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti tangu yu msichana, akazibeba nyimbo zile kichwani, Kijiti ukiwamo. Mwaka 2005 alipotunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, na mpaka alipofariki Aprili 2013, kila alipoziimba alikuwa akifanya kazi ambayo santuri haiwezi: kuonyesha wimbo unavyotembea katika mwili wa mtu aliye hai, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kucheka, mahali pa kutisha. Huo nao ni urafiki na marehemu. Shaaban Robert alihifadhi maisha, Bi Kidude akahifadhi uimbaji. Lakini Subeti, Buda, Mbaruku na Maalim Shaaban hawakupata mwandishi wa wasifu wao. Wahenga husema mfinyanzi hulia gaeni. Waliofinyanga kumbukumbu ya Siti wamebakiwa na magae ya kumbukumbu yao wenyewe, jina moja hapa, herufi chache zilizofifia kwenye lebo pale.

Kwa hiyo ninapotetea marafiki, sina nia ya kuongeza machozi matangani. Natafuta kazi ifanyike, na sehemu yake inatuhusu sisi wa redio kwanza. Tumejenga mazoea ya kusema jina moja na wimbo mmoja, kisha muziki ukaanza. Sekunde tano zaidi zingetosha kumtaja aliyepiga fidla, aliyeshika udi, aliyetunga maneno. Na wapo wanamuziki wakongwe ambao viongozi wa makundi yao wameshatangulia mbele ya haki, nao wanakaa barazani Unguja, Tanga, Mombasa, Morogoro, wakijua nani alikuja na sauti gani na wimbo upi ulizaliwa kwa ugomvi gani. Hao waulizwe wangali hai, kwa ukali ule ule wa kuchunguza mnyororo, wala tusingoje tuwahitaji kwa rambirambi. Wimbo unaofuata baada ya mazungumzo haya ni wa Siti binti Saad. Na kwa kuwa nimewachosha kwa muda mrefu kuhusu adabu ya kutaja, sharti nianze mimi: waliosafiri naye Bombay ni Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda na Mbaruku. Sikilizeni, kisha ifuateni ala moja tu, yoyote mtakayoipenda, mpaka mwisho wa wimbo.